Mikono ya Babu

Jumatatu, 7 Julai 2025
Ukungu mpaka saa nne. Nguo hazikauki. Baba mkwe, Mzee Naftali, ana wiki sasa hapa kwetu Ganako tangu aje kutoka Mbulu kutibiwa macho. Kila asubuhi anamrusha Benedicta juu, karibu aguse bati, kisha anamdaka. Kwa macho hayohayo! Mtoto ana miezi minane. Anacheka, ndiyo — halafu anatapika uji. Mimi roho juu, nasubiri amalize nifute.

Alhamisi, 10 Julai
Mume wangu Boazi karudi kutoka hifadhi ya Kreta na watalii anaowaendesha, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwomba aongee na baba yake. Akavua viatu kwanza, polepole.
"Edna, mimi huyu mzee hakuwahi kunibeba hata siku moja. Sikujua kama anaweza kucheka hivyo. Mwache kidogo."
Nikaenda kukunja nepi.

Jumamosi, 12 Julai
Boazi kaondoka tena, safari ya siku tano. Nimejaribu mwenyewe, kwa adabu. Nikasema, Baba, nesi wa kliniki anakataza kumrusha na kumtikisa mtoto, shingo bado laini. Akajibu kwamba yeye kalea saba. Aliyelea ni marehemu mama mkwe, lakini hilo sikulisema. Kutwa nzima hakunisemesha. Nimechoka. Kumchunga mtoto, kumchunga mzee, kuuchunga ulimi.

Jumanne, 15 Julai
Mkono wa Bene.
Nilikuwa uani naanua nguo, nikasikia kilio ambacho si cha njaa. Mzee alikuwa amemnyanyua kutoka mkekani kwa mkono mmoja. Wa kushoto. Ukawa unaning'inia, hataki uguswe. Nikamfunga kifuani, tukapanda bodaboda, mzee na ya kwake nyuma. Zahanati daktari akasema kiwiko kimechomoka kidogo. Akaukunja mkono, ukalia "tik" — baada ya dakika chache mtoto akawa anavuta kilemba changu. Nikalia mimi.
Daktari akauliza, nani kamvuta?
Mzee alikuwa mlangoni, kofia mkononi.
Nikasema ni mimi.
Sijui kwa nini. Nikasimangwa vizuri tu.

Jumatano, 16 Julai
Boazi kapiga simu. Nikamweleza yote. Akaomba kuongea na baba yake. Mzee akakataa simu.
Tangu asubuhi amekaa kibarazani, mikono mfukoni mwa koti. Chai haijaguswa. Sasa hivi kaniuliza, bila kunitazama:
"Mama Benedicta, kwa nini ulisema ni wewe?"
Nimeinamia daftari.
Bene ametambaa mpaka kwake. Kashika suruali, kajivuta, anataka kubebwa. Mzee hatoi mikono. Ananiangalia mimi, anasubiri niseme neno. Najua nikisema ndiyo, atamchukua. Nikisema hapana, atafunga mzigo wake leo hii.
Mtoto ameanza kulia. Mimi bado naandika.