Nani Atashika Kamera

Kariakoo,
12 Machi 2004

Dada Hyasinta,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Upande wa kushoto umeanza kupata nguvu? Mimi mzima, ila vumbi la Mtaa wa Sikukuu linanikaba koo. Kila nyumba ya zamani inavunjwa lipande ghorofa.

Habari ya studio ni kwamba Jaimin amerudi kutoka Dubai na kamera ya dijitali. Haina filamu. Unapiga, picha inatokea hapo hapo mgongoni mwa kamera. Baba yake, bosi wetu Mzee Shashikant, aliitazama kutwa nzima bila kuigusa, halafu akanikabidhi.

Sasa angalia picha mbili nilizotia ndani ya bahasha, za harusi ya juzi. Katika ya kwanza nyuso za maharusi zimekuwa kama zimepakwa masizi. Nikaongeza mwanga. Katika ya pili nyuso zimetoka, lakini shela limekuwa karatasi tupu, hata ua moja la lesi halionekani. Kamera yangu ina ugonjwa gani? Wewe umekaa studio hii miaka sita, mimi sijamaliza hata mwaka tangu nianze kukushikia nafasi. Nisaidie.

Mdogo wako,
Selina


Ndanda,
3 Aprili 2004

Mdogo wangu Selina,

Marahaba. Mama anakula, anaongea kwa shida, mguu bado. Na mimi mgongo unaniuma kwa kumnyanyua, ingawa hukuuliza.

Kamera haina ugonjwa. Inaona weupe wa shela, inadhani jua limezidi, inapunguza mwanga, na sisi weusi ndio tunaoumia. Ukiongeza kwa pupa shela linaungua. Filamu ilikuwa inatusamehe hapo. Hiyo naona haisamehe. Linda shela kwanza, kisha wapelekee mwanga usoni. Mtu ashike kitambaa cheupe chini ya videvu vyao, au flashi igonge ukuta ndipo iwafikie.

Jambo la pili. Umeandika "kamera yangu". Nimelitazama neno hilo mara nyingi. Nilipokuja kumuuguza mama tulikubaliana unishikie kiti, si ukikalie. Miaka yote ile nilinuka dawa ya kusafishia picha, nikingoja siku mzee atakaponipa kifaa kipya mkononi. Siku imefika na mimi nipo huku nafua mashuka.

Msalimie Jaimin.

Dada yako,
Hyasinta


Kariakoo,
20 Juni 2004

Dada yangu,

Shikamoo. Mpe mama pole yangu, na wewe pole na mgongo. Nimempa Shomari dawa ya kuchua, atakuletea na basi lake.

Ushauri wako umefanya kazi. Lesi inaonekana, nyuso zinang'aa. Halafu nimegundua kitu: kamera inachora kipimo cha mwanga kwenye kioo chake, mchoro wenye umbo la kichuguu. Kichuguu kikiegemea ukuta wa kulia, ujue weupe umeungua. Sasa sitazami tena uzuri wa picha kwenye kioo chake kidogo, natazama kichuguu.

Jaimin ameleta na filta ya kukata mng'ao. Unaifunga mbele ya lenzi, unaizungusha taratibu, mng'ao wa kioo cha duka unapotea na nguo za ndani ya kabati zinaonekana kama mlango uko wazi. Mbingu inakolea rangi. Nimeipenda mno. Kampuni moja ya kutoa mizigo inataka picha za makontena bandarini, na Mzee Shashikant anasema nitakwenda mimi.

Mdogo wako,
Selina


Ndanda,
18 Julai 2004

Selina,

Marahaba. Mama hajambo. Dawa imefika.

Shomari amekaa hapa uani akanywa chai na kunihadithia. Anasema picha yako ya bibi harusi imetundikwa dirishani kwa mzee, kubwa kama mlango, watu wanasimama kuitazama. Anasema alikuwepo mzee alipokuuliza, "Hii nani kakufundisha?" nawe ukajibu, "Nimejaribu-jaribu mwenyewe tu." Shomari aliniambia kwa furaha, akidhani nitajivunia. Nilimwongezea chai ili asinione uso.

Na mama nakala ndogo ya picha hiyo uliyomletea ameiweka kando ya mto wake wa kulalia. Wageni wakija anawaonyesha kwa mkono mzima. Mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemwogesha, na hakuna picha ya kazi hiyo.

Sitakuzunguka. Nina wivu, unaniamsha kabla ya jogoo. Njoo ukae na mama, mimi nirudi studio. Ni zamu yako.

Hyasinta


Kariakoo,
9 Agosti 2004

Dada,

Shikamoo. Nimesoma.

Kweli nilimjibu mzee hivyo. Jaimin alikuwa amesimama pale, nikaona nikisema ni wewe, atasema basi tumwite yeye. Ndivyo ilivyokuwa.

Lakini na mimi nina yangu. Tangu utoto, kila nilichoshika kilikuwa chako kwanza: sare, kitabu, kitanda, hata kazi hii. Hiki cha sasa hukukigusa kabla yangu. Na unaposema unamwogesha mama, mimi hapa nasikia kwamba wewe una mama, na mimi nina picha.

Siji. Kazi ya bandarini inaanza. Tafuta binti wa kukusaidia, nitamlipa.

Selina


Kariakoo,
5 Novemba 2004

Mdogo wangu Selina,

Hamjambo wewe na mama? Mimi nipo, chumba chako kinavuja pembeni ya dirisha, hukuniambia.

Sijakuandikia tangu tulipopishana. Bado naiona siku ile ulipotokea uani na begi, baada ya barua ile ya kusema huji. Nilikuwa namlisha mama uji. Uliweka begi chini ukasema, "Dada, nipishe nimlishe." Sikukuuliza kilichokubadilisha, nawe hukusema. Nilifungasha haraka kama mwizi, nikihofia utaghairi.

Mzee Shashikant alinipokea vizuri, akanipa kamera na kazi ya bandarini uliyoiacha katikati. Nilifunga ile filta, nikapima mwanga kwa mita yangu ya mkononi kama siku zote, nikapanga kamera nilivyosoma, nikapiga asubuhi nzima. Kwenye kioo kidogo, na jua lile, sikuona kitu, nikaiamini mita. Kwenye kompyuta makontena yakatoka kama yamepigwa wakati wa magharibi. Jaimin alipoziongezea picha mwanga, zikajaa chengachenga. Na kwenye lenzi pana, mbingu ina doa jeusi katikati.

Meneja wa kampuni alizipekua akauliza, "Yule binti wa kwanza yuko wapi?" Wateja wa harusi nao wanauliza hivyo hivyo. Nasimama chini ya ile picha yako dirishani na kujibu kwamba umesafiri.

Jumamosi ya wiki ijayo narudi bandarini mara ya mwisho. Nisipoweza, Jaimin atatafuta mtu mwingine. Sikutaka kukuandikia. Niambie nimekosea wapi.

Dada yako,
Hyasinta


Ndanda,
9 Novemba 2004

Dada Hyasinta,

Shikamoo. Barua nampa Shomari, aliyeniletea yako, aondoke nayo leo, uipate mapema.

Filta inakula mwanga, karibu stopu mbili, yaani inabaki kama robo tu, na mita yako haijui kama lenzi imevaa kitu. Iache nyumbani. Acha kamera ipime yenyewe, maana inatazama kupitia filta hiyo hiyo, kisha soma kichuguu. Kikilala kushoto, ongeza. Simama jua likiwa ubavuni kwako, hapo ndipo filta inafanya kazi. Usitumie lenzi pana pamoja nayo, itakupa doa lile lile. Rudi nyuma upige kwa ile ndefu. Ukiingia kivulini ivue. Kama kuna kontena jeupe, lilinde hilo kwanza lisiungue, kama ulivyonifundisha kuhusu shela.

Nilikaa na barua yako usiku na mchana kabla ya kujibu. Nilikuwa na njia rahisi, kunyamaza mpaka Jumamosi ipite. Ninapokuwaza pale kwenye ngazi za meli na kamera ile shingoni, nasukuma sahani pembeni. Usidhani nimekuwa mwema. Ila siwezi kuvumilia picha mbaya itoke mle ndani, iwe yako au yangu. Na mzee akikuuliza nani kakufundisha, jibu unavyotaka.

Mama alisimama jana, akishika mlango. Aliniita Hyasinta. Nikaitika.

Mdogo wako,
Selina