Wajina Wako Anaingia Hekaluni

Ilford, London

Kwako Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa? Na mvua huko Taita imeshuka, ama mahindi bado yanatazama juu? Sisi ni wazima wa mwili. Moyo ndio sina uhakika nao.

Mama, wajina wako Wakesho ameolewa kwenye kanisa lao la Wamormoni. Nilipiga vigelegele mpaka Wazungu wakageuka. Nilidhani yamekwisha, kumbe hiyo ilikuwa ndoa ya kutambuliwa na serikali tu. Mwisho wa mwezi watafungishwa ndoa ya milele hekaluni, na mimi niliyemzaa siruhusiwi kuingia. Huingia muumini wao mwenye kibali tu.

Alinipeleka nilione. Liko nje ya jiji, upande wa kusini, kwenye shamba la zamani la matajiri ambalo kanisa lilinunua baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wanasimulia kwamba watu walihofia ardhi ile ina majimaji, haitabeba jengo. Ikabeba. Ni jumba la mawe meupe lenye mnara mmoja mwembamba. Nilitafuta msalaba pande zote nikaukosa. Ndani, anasema, kuna birika kubwa la maji lililobebwa na sanamu za ng'ombe, na humo walio hai hubatizwa kwa niaba ya wafu wao. Chumba cha kufungishia ndoa kina vioo vinavyotazamana, ukisimama katikati unajiona nyuma yako na nyuma yako tena, bila mwisho.

Hapo nikakumbuka lile pango la mafuvu ya wazee wetu. Ulitukataza hata kulinyooshea kidole. Mwaka ule wa ukame Babu alipoingia kuwaomba mvua, tulibaki chini kwenye migomba, umenishika mkono, na hukuniachia mpaka alipotoka.

Wenzangu kazini, pale tunapolea Wazungu wazee, wananitisha kwa maneno nisiyotaka kuyaandika. Siyaamini, ila usingizi umenihama. Unajua Wakesho hunijibu Kiingereza siku zote. Siku ile, mbele ya lile lango, alinijibu Kiswahili: “Mama, usiogope. Nitatoka, na nitakukuta hapa hapa.” Hicho Kiswahili ndicho kilichonitia hofu zaidi.

Barua hii nampa mwenzetu anayekuja Voi keshokutwa, maana kwenye simu ningelia tu. Msalimie kaka Mwakio, umwambie kiatu alichoagiza nimekipata. Msalimie na shangazi yule wa dukani, lakini haya ya hekalu usimwambie, atayafikisha sokoni kabla yako.

Siku hiyo nitasimama bustanini na ile leso uliyonifunga nilipoolewa. Naogopa, Mama. Babu alipotoka pangoni ulimpa maji, lakini kabla hajanywa ulimtazama usoni kwa muda mrefu. Sikuwahi kukuuliza ulikuwa unatafuta nini. Nipigie uniambie, nijue pa kumtazama mtoto wangu akitoka.

Ni mimi binti yako, wa kungoja nje,
Mkawasi