Fuwele Iliyopauka Dirishani kwa Kinyozi

Nyumbani,
Jumapili, tarehe tatu.

Mwanao amefaulu! Haya, sasa naweza kukusalimu.

Mdogo wangu mpendwa, hujambo? Mgongo umepoa? Shemeji na watoto je? Sisi wazima, ila mimi sauti imenikauka kwa kutangaza mtaani.

Wajua binti yangu anasomea chumvi. Usicheke. Chembe za chumvi zimejipanga safu kwa safu kama viti vya ukumbini, na hapa na pale kiti kimoja hakina mtu. Kasoro hiyo ndiyo anayoichunguza. Alikuza fuwele moja, yaani kipande cha chumvi kinachong'aa kama kioo, akakipiga mionzi kikawa na rangi ya asali. Kumbe elektroni, kitu kidogo cha umeme, imekaa kwenye ile nafasi tupu, nayo ndiyo inayoleta rangi. Nimeeleza vizuri kuliko mwalimu wake, na yule amesoma.

Siku moja kabla ya kuhojiwa na walimu, alikileta nyumbani kimefungwa kitambaa cheusi. Baba yake, unamjua kwa majivuno (mimi sina), akakichukua akakiweka kwenye dirisha la kibanda chake cha kinyozi, wateja waone kazi ya binti yake. Jua likakiwakia kutwa nzima. Jioni kimekuwa cheupe pe. Mteja mmoja akamtania, "Fundi, hii si ya kutia kwenye mchuzi?"

Binti hakulia. Aliyelia ni baba.

Asubuhi akaenda nacho hivyo hivyo. Mwalimu mkubwa akamuuliza, "Iko wapi rangi uliyoiandika?"

"Imebaki kwa kinyozi, mwalimu. Mwanga umeitoa elektroni kwenye nafasi yake."

Walimu wakatazamana. Hapo binti akafungua kopo la chenga za fuwele ile zilizobaki maabara, bado za njano, akaziweka chini ya taa kali. Zikapauka mbele ya macho yao. Mwalimu mkubwa akasema, "Hili halimo kwenye kazi yako. Liongeze, umefaulu."

Siku hizi baba yake anawaambia wateja kwamba jaribio lile alilianzisha yeye. Nimemwachia. Ana wembe mkononi.

Msalimie shemeji, na shangazi mshonaji mwambie gauni langu lipanuliwe kidogo, nimenenepa kwa furaha. Mungu awafikishe salama, maana kukosa sitaki kusikia.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mama wa mtaalamu, ninayewangoja nyote kwenye mahafali, Jumamosi tarehe ishirini na tatu.