Koti la Shemeji

Jumatano, 4 Juni

Leo tumeonyeshwa filamu, sisi tulioifanyia kazi tu. Bwana Kivuli — ndivyo tunavyomwita mwongozaji, kwa anavyopenda giza kwenye picha zake — alisimama mlangoni akimpa kila mtu mkono. Nampenda huyu mtu tangu filamu yake ya kwanza. Aliponipa kazi ya kumshonea mavazi ya waigizaji nililia kwa furaha.

Na filamu ni nzuri! Sitamnyima haki yake. Majambazi wanatembea mvuani kama maharusi, suti zangu zimewakaa — acha tu.

Halafu mlinzi. Amekaa langoni anamenya chungwa. Risasi! Anaanguka na kiti chake, chungwa linabingirika hadi miguuni kwa jambazi. Jambazi analiokota, analila. Ukumbi mzima kicheko.

Nami nikacheka. Kwa sauti! Ndipo nikaliona koti.

Alhamisi, 5 Juni

Kazi haiendi. Nimeshona mkono mmoja, nikaufumua.

Bwana Kivuli alitaka koti la mlinzi lililochoka kweli. Hilo hulitoi kichwani, unatafuta la mtu unaliiga. Nikamwendea dada. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala, wezi walimuulia langoni mwaka juzi. Dada akalitoa kabatini, akalikung'uta, akanipa. Nikaiga kila kitu, mpaka kiraka cha kiwiko alichokishona dada mwenyewe kwa uzi mwekundu, mweusi ulikuwa umemwishia. Akasema basi na shemeji yako ataonekana na watu.

Mjinga mimi! Niliagizwa makoti matatu. Fundi yeyote wa mavazi ya filamu anajua: nguo ikitakiwa tatu za kufanana, hiyo ni ya kumwagiwa damu. Nikajiambia labda ni kwa ajili ya mvua. Hatupewi hadithi, tunapewa vipimo tu... Visingizio hivyo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemfuata Bwana Kivuli, nikamweleza yote. Hakunifukuza. Machozi yakamlenga. Kisha akasema pole sana fundi, ila hakati kitu kwenye filamu: watu wacheke kwanza, wakifika nyumbani ndipo kicheko kiwachome.

Labda ana haki. Mimi kimenichoma. Lakini dada yangu hahitaji kufundishwa hilo!

Jioni dada akapiga simu. Ameshawatangazia majirani wote kwamba Jumapili tunakwenda kumwona shemeji kwenye filamu. Nikaanza, dada, ile filamu — akanikatiza, nisimharibie, anataka kujionea mwenyewe.

Jumapili, 8 Juni

Dada amefika mapema. Amesuka! Tangu msiba hajaketi kusukwa. Amejipaka na manukato, anacheka peke yake sebuleni.

Naandika chumbani, nimesingizia natafuta viatu. Viatu ninavyo mguuni.

Nimejaribu. Nimesema kichwa kinaniuma, tuahirishe. Kasema nimeze dawa, tutakaa viti vya nyuma, ana hamu mno. Kasema pia ameota yeye na shemeji wamekaa wanatazama.

Nitamwambiaje? Nikimwambia, namzimia taa akiwa ndiyo kwanza ameiwasha. Nisipomwambia, atasikia ukumbi mzima unamcheka mumewe. Na mimi nimekaa kando yake!

Amekuja mlangoni. Hakufungua. Ameuliza, eti, mdogo wangu, huyo mlinzi wetu anaongea?

Nimejibu ndiyo. Sijui kwa nini. Uongo mtupu, hatamki hata neno.

Bado yuko hapo, nasikia pumzi yake mlangoni. Sasa anauliza, anasema nini?