Kipanya Kilichofungua Milango

Dada yangu mpenzi,

Ondoa kwanza mguu kwenye cherehani, maana hii si barua ya kusomwa huku nguo ya mtu inakimbia chini ya sindano. Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma hadi majirani wanadhani mmefungua mashine ya kusaga? Wapwa wangu wabusu wote, na yule mkorofi mzidishie, kwa sababu amenirithi mimi. Mimi ni buheri wa afya, nimenenepa kidogo, na uzuri wangu unazidi kuwasumbua watu.

Uliniuliza kazi inakwendaje. Dada, bila mimi kazi ingelala. Niko kwenye meza ya kupokea mizigo, pale mlangoni, na hakuna boksi linaloingia ghalani kabla sijaliandikisha kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ni moja, tunaitumia wengi: mimi, mhasibu, karani wa mkurugenzi, na fundi anayeitunza. Kila mtu anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, na humo ndani kila mtu ana chumba chake ambacho mwenzake hawezi kukichungulia. Changu ni kama banda la kuku. Naandika mizigo, basi. Nikitaka hata kurekebisha saa iliyochelewa, mashine inanijibu kwamba sina mamlaka, nikamwite msimamizi.

Msimamizi ndiye huyo fundi. Ni mwanamke, na ofisi nzima tunamwita Bi Ruhusa, kwa kuwa jibu lake kwa kila ombi ni kwamba ruhusa huna. Mhasibu alitaka kuweka mchezo wa karata, akaambiwa ruhusa huna. Mkurugenzi mwenyewe alitaka picha yake iwe inatokea kila mashine inapowashwa, akaambiwa vivyo hivyo, akarudi ofisini kwake amenywea kama puto. Mimi nilimpenda siku ile ile. Nikamweleza nia yangu tulipokutana kwenye ngazi, akasema atanijibu. Nikangoja, nikangoja. Nje nanenepa, ndani nakonda.

Sasa sikia. Wanijua, mimi kitu cha kila mtu hakinifai. Nikaenda dukani nikanunua kipanya cha kompyuta, kile kidude cha kushika kiganjani, lakini changu kinawaka taa za rangi kama jukwaa la muziki. Amri ya ofisi ni kwamba mtu asichomeke kitu chake kwenye mashine. Niliisoma. Nikaona inawahusu watu wa kawaida.

Nikachomeka. Mashine, badala ya kuninunia kama ilivyozoea, ikakichangamkia kipanya kama mgeni aliyetoka mbali. Ikaenda yenyewe mtandaoni kuitafuta programu yake, ikaanza kuiweka bila kudai neno la siri la yeyote. Kisha ikaniuliza iiweke kabati lipi kati ya makabati yake ya mafaili. Nikaanza kufungua makabati nione. Katika kubonyezabonyeza kwangu, likachomoza dirisha jeusi, lile lile analotumia Bi Ruhusa kuiamrisha mashine. Nikaandika maneno niliyowahi kumwona akiyaandika siku aliporekebisha saa. Dada, saa ikasogea!

Bi Ruhusa alinieleza baadaye. Programu ya kipanya inawekwa kwa mamlaka ya mashine yenyewe, na chochote kinachofunguliwa kutokea ndani yake kinazaliwa na mamlaka hayo hayo. Ni kama umemkaribisha mgeni sebuleni, ukamwelekeza jikoni akanawe mikono, kumbe jikoni ndiko zinakotundikwa funguo za nyumba nzima. Aliyekosea ni mjenzi.

Wakati ule mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimekuwa mfalme. Milango yote iko wazi: wa mhasibu, wa karani, na wa Bi Ruhusa. Na humo chumbani mwake ndimo anamoweka maongezi yake na shoga yake, maana huwa anayasoma huku akicheka peke yake. Kama kuna mahali nilipotajwa, kwa wema au kwa kejeli, ni humo. Kubonyeza tu, nami ningejua kama ninangoja jibu au ninajipotezea ujana.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikakukumbuka wewe, ulivyonizaba kofi nilipoingia chumbani kwako bila hodi, ukaniambia mlango kuwa wazi si kukaribishwa. Shavu likaniwasha, nakwambia! Nikainua mkono, nikasimama, nikamwita Bi Ruhusa kwa sauti iliyofika hadi ghalani.

Mhasibu akawa wa kwanza kufika. Akasema nimevunja amri, nifukuzwe leo hii, nani ajuaye nimesoma siri ngapi. Mkurugenzi akavua miwani, akaniambia nikangoje kwenye benchi la nje. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikaanza kutunga barua nyingine ya kukuandikia, isiyo na kicheko.

Lakini mashine huwa inakumbuka milango iliyofunguliwa. Bi Ruhusa akaikagua, akawaambia kwamba nimefika kwenye vizingiti vyote na sikuingia popote. Akasema mwizi hamwiti mwenye nyumba aje aone tundu alilopitia, na kwamba wakinifukuza, atakayeona tundu jingine atafunga mdomo. Basi nikabaki. Kipanya kikafungiwa kwenye droo ya Bi Ruhusa, nami nikaambiwa nifagie ghala hadi mkurugenzi atakaposahau. Waliokitengeneza waliandikiwa, wakaliziba tundu, wakamshukuru "mfanyakazi mmoja makini". Makini, Dada! Hakuna dereva aliyeleta mzigo hapa ambaye sijamsimulia.

Sasa lile lililonifanya nikuondoe kwenye cherehani. Nilikuwa nafagia, Bi Ruhusa akaja, akaegemea maboksi. Akauliza kama nilijua kilichokuwamo chumbani mwake. Nikasema nilijua. Akauliza kwa nini basi sikutazama. Nikamwambia jibu ni lake, nami nikiliiba halitakuwa jibu tena. Nilisema vizuri, ungenipigia makofi. Yeye akachukua ufagio mwingine, tukafagia pamoja hadi mlangoni. Hapo, bila kugeuka, akasema, "Ruhusa unayo."

Dada, mimi huyu huyu uliyenipa jina la Domokaya, nilikosa neno. Nikaangusha ufagio.

Tunaoana. Njoo na futi yako umpime, gauni litoke mkononi mwako. Mama usimwambie, niachie mwenyewe. Ila ukishindwa sitakulaumu, tumetoka tumbo moja. Msalimie shemeji, naye aje, lakini alale chumba cha mbali.

Kipanya changu bado kiko kwenye droo. Jana nilimwomba mchumba wangu anirudishie, kwa sauti tamu kabisa. Akaniambia ruhusa sina.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Domokaya