Rais Hana Mkono Hapo

Guangzhou, Novemba 1998

Mdogo wangu Mwanaidi,

Kosa letu ndilo la watu wengi: tulidhani Rais wa Marekani anashika funguo za kila mlango wa nchi ile, hata wa gereza alimo mwanetu Salimu. Nisamehe kulitanguliza hilo kabla ya salamu. U hali gani? Presha imeshuka? Mimi mzima, ila magoti yanalalamikia ngazi za hapa ninapopanga.

Juzi nilikwenda mtaa wa maduka wa Yide Lu kununua madaftari ya duka. Nikamkuta Mmarekani akigombana na mwenye duka kwa kofia za kampeni zilizochelewa mpaka uchaguzi ukapita. Kumbe anatoka jimbo lile lile alikofungwa Salimu. Nikamwambia tumemwandikia Rais mara tatu.

"Rais hana mkono hapo, mzee," akasema. "Kijana alihukumiwa kwa sheria ya jimbo. Mwandikieni gavana."

Bi Zuhura, mfanyabiashara wa Unguja anayekuletea barua hii, nilikuwa naye hapo, akacheka. "Maalim, mara tatu! Afadhali ungemwandikia Rais wa hapa Uchina, walau ni jirani yako!"

Nilicheka naye, lakini moyo ulikuwa mzito. Miaka miwili tumebisha hodi nyumba siyo.

Elewa hivi, kama alivyonieleza yule Mmarekani. Gavana si kama mkuu wa mkoa wetu, anayeteuliwa na Rais na kuondolewa naye. Huchaguliwa na watu wa jimbo lake, na Rais hawezi kumfukuza. Jimbo lina sheria zake, mahakama zake, magereza yake. Lipo baraza linalomshauri gavana kuhusu msamaha, lakini anayetia saini ni yeye.

Sasa sikiliza linalonikosesha raha. Gavana wa sasa amemaliza vipindi vyake, anaondoka Januari. Aliyechaguliwa kushika nafasi yake aliwaahidi wapiga kura kwamba hatampunguzia mfungwa hata siku moja. Anayeomba kura huogopa kuonekana mwenye huruma. Anayeaga hana tena wa kumwogopa. Kwa hiyo barua yetu imfikie huyu anayeaga, kabla hatujaanza kufunga Ramadhani.

Usitafute tena mihuri ya wakubwa. Andika wewe, mama yake. Usiseme mwanao hana kosa. Ugomvi ule ulimtoa mtu roho. Mtaje kwanza marehemu, uwape pole wazazi wake, ndipo uombe mwanao apunguziwe miaka. Andika kwa Kiswahili, yule jirani yako mwalimu akutafsirie. Anwani ya gavana iko nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie shangazi yetu Bi Mwanasha, aliyetulea, na mkweo Rehema. Mwambie hatujamsahau mumewe Salimu.

Mwanaidi, iandike barua hiyo leo, uipeleke posta kabla hawajafunga.

Kaka yako,
Abdalla