Jiwe la Akiki Nililoshika Laare

Mwanangu Wanja,

Hamjambo huko, na huyo mgeni wa tumboni bado anacheza? Huku Laare kwa dada yangu baridi ni ya shuka mbili, lakini mukimo ni wa moto na nimeshiba.

Unajua vile nilikataa mtoto aitwe Akiki, nikasema ni jiwe tu la kusomwa kwa Biblia kanisani, watu watamcheka. Jana mzee mmoja wa Isiolo, mnunuzi wa miraa, alikaa karibu nasi hotelini, pete yake ina jiwe jekundu kama chai ya rangi. Nikaangalia mpaka dada akasema, "Wewe umekuja kuona watu ama vidole?" Nikamuuliza mzee ni jiwe gani.

"Akiki, mama. Babu yangu alipigia barua muhuri nalo. Nta ya moto haigandi juu yake, lakini alama yake inabaki kwenye nta."

Akanipa nishike. Lilikuwa na joto la mkono wake.

Basi akiwa msichana, jina langu atalibeba kama desturi, na Akiki litangulie. Hilo nimeacha kuliogopa. Mengine bado naogopa, kwa hivyo usibebe maji kwa mgongo. Mungu awafunike wote wawili.

Mama yako